Beseni la Bluu

Nilirudi kutoka hospitali mikono mitupu, nikalikuta beseni la mtoto barazani limejazwa udongo.

Ni lile la bluu, lenye picha ya bata, nililolinunua mimba ilipotimiza miezi mitano. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye matundu chini yake. Matundu yalitobolewa kwa msumari wa moto. Plastiki ilikuwa imeyeyuka ikaota midomo midogo midogo.

Mama mkwe alikuwa amechuchumaa, akiishindilia miche ya nyanya kwa vidole, polepole, kama anayemfunika mtoto shuka.

"Pole, mwanangu. Ya Mungu mengi," alisema bila kugeuka. "Joto ndiyo kwanza linaanza, na nyanya hulipenda. Nikaona beseni lisikae bure. Angalau kitu kizae humu ndani."

"Umefanya vizuri, mama."

"Basi niletee maji mengine. Miche bado ina kiu."

Nikaingia jikoni. Birika la chai yake lilikuwa linatokota. Nikalishika kwa kitambaa, nikatoka nalo taratibu, lisije likamwagika njiani.

Alikuwa bado amenipa mgongo, mikono yote miwili imezama udongoni.