Kioo Kilichofunikwa Kanga

Tangu vioo vya kila nyumba vianze kumwonyesha mtu jinsi anavyojijua mwenyewe, changu nimekifunika kanga. Leo nilikuwa namsuka binti yangu Mwanahawa kwa ajili ya harusi ya dada yake, akaivuta ile kanga.

Kiooni alikaa mvulana aliyenyoa nywele, na vidole vyangu vilikuwa vinasuka hewa.

“Kimeharibika,” nikasema.

“Mama, hata cha shuleni kimeharibika hivihivi. Na cha kwa bibi. Nikivaa gauni nahisi nimevaa mtu mwingine.”

“Tulia nimalize. Wageni wanakuja.”

Nikaukaza msuko. Mwanahawa hakukunja uso, kama alivyozoea. Yule wa kiooni ndiye aliyekuwa analia.

Nikairudisha kanga, nikaendelea kusuka.