Kanda Iliyokwama

Tangu kiharusi kimpate miezi mitatu iliyopita, Kitwana hakuwa ametamka hata neno moja. Asubuhi hiyo mkewe, Sikudhani, alitia redioni kanda ya ujana wao. Ulikuwa ule wimbo wa roki unaoanza na gitaa peke yake, kama mtu anayepiga hodi kwa woga, halafu ngoma zinaingia kwa kishindo na kifua kinajaa. Miaka arobaini, na bado ulimsisimua mwili.

"Usizime taa," mwimbaji aliimba, "usizime..."

Kanda ikakwama.

"Na wewe leo!" Sikudhani aliigombeza. Akaitoa, utepe umejisokota kama tambi, akachomeka kalamu kwenye tundu ili aurudishe, kama walivyozoea.

"Kutakucha," mtu akaimba nyuma yake.

Sauti ilikuwa nzito, imelalia upande mmoja wa mdomo, lakini haikukosea tuni. "Kutakucha, mpenzi, usizime taa."

"Baba Tabu?"

Kitwana alikuwa kitandani akitazama dari, akivuta pumzi ya ubeti wa pili. Sikudhani alisimama palepale, utepe ukining'inia hadi sakafuni, akiogopa hata kuizungusha kalamu.