Amefika

Leo mlango utasema "Amefika"! Tangu alfajiri sijakaa chini. Nimepika pilau, nimefukiza udi, na dada yangu Mwanashuru nimemkanya asipige vigelegele kabla ya wakati.

Kwa miaka tisa, sheria ilitaka kila mlango unaosema umtangaze mtu aliyebadili jinsia kama kitu. Mwanangu Nasra, niliyemzaa nikamwita Nassoro, kila alipobonyeza kengele mlango ulisema, "Kimefika." Nasi ndani tulijibu, "Kikaribie," maana mlango ulikuwa na masikio. Tulijiambia hayo ni maneno ya mdomoni tu. Mwishowe Nasra akahama mji.

Juzi sheria ilifutwa. Asubuhi hii fundi amepita kuurekebisha mlango wetu, na Nasra yuko njiani!

Saa saba mchana nikasikia viatu vyake ngazini. Kengele ikalia.

"Amefika," mlango ukasema, kwa sauti yake ileile.

Mwanashuru alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Nilimkumbatia mwanangu huku nalia, huku nacheka. Mabega yake yalikuwa mifupa mitupu.

"Jamani, kimekonda!" nikampigia dada kelele. "Kipakulie pilau upesi!"

Vigelegele vikakatika. Nasra akanifuta machozi kwa ncha ya mtandio wangu, taratibu, kama anayemliwaza mgeni.

"Si neno, mama," akasema. "Mlango umepata fundi."