Chumvi Mkononi mwa Saumu

Saumu alitia mkono katika chumvi ya kukaushia samaki, akautoa upesi, akauma mdomo ili asilie.

Mwaka ule wa 1954 nilikuwa nimefika ufukweni mwa ziwa, katika mji wa Baraka, kununua samaki. Niliufungua mkono wa mtoto huyo taratibu. Kiganja kilikuwa na alama mbichi za moto, zimepangana kama vyuma vya jiko la makaa.

"Iko muvivu, baba," akasema shangazi yake anayemlea. "Mambo ya nyumba yangu haikuangalie, si yako."

Wanawake waliokuwa wakipasua samaki waliinamisha vichwa.

Niliuosha mkono ule kwa maji ya ziwa. "Twende kwa shefu wa kijiji, mwanangu. Auone mwenyewe."

"We ni nani yake?" shangazi akafoka.

"Mi ni muntu mwenye nimeona."

Tulipoanza kuondoka, mama mmoja akaweka kisu chini. "Ngoja, baba! Mi ni jirani. Nasikiaka analia kila siku."

Akasimama wa pili, kisha wote. Samaki wakabaki wazi juani, na shangazi peke yake wa kuwalinda.

"Kunguru batakula samaki," Saumu akasema kwa hofu.

"Bakule," akajibu jirani, akambeba mgongoni.