Taya Lililolegea

Tangu nyumba zote zilipofungwa vinasa sauti, mume na mke wakigombana hata mara moja hutenganishwa. Tunu akajifunza kukaza meno. Miaka miwili taya lilimuuma hata nyama ikamshinda kutafuna, na kila jioni mumewe, Shekighenda, alimkanda kwa mafuta ya nazi.

Jioni moja vidole vyake vilipofika chini ya sikio, taya likalegea, na Tunu akaangua kilio.

"Ungempeleka Rehani hospitali mapema, mwanetu angekuwa hai!"

Shekighenda angeweza kumziba mdomo. Aliendelea kumkanda.

"Sema yote, Mama Rehani."

Akasema yote, kwa sauti.

Asubuhi maofisa walipokuja kuwatenganisha, walimkuta Tunu akitafuna muhogo wa kuchoma taratibu, na mumewe akimkunjia nguo.