Watoto wa Kichuguu Kimoja

Jumanne, saa kumi jioni, nguchiro dume mpenda amri alipanda kichuguuni akatangaza: "Kesho tunaua watoto wote wa ukoo wa mtoni! Wabaki wetu wa mlimani."

Nguchiro jike, mdadisi tangu utotoni, alimsogelea. Ndani ya kichuguu hicho watoto wa koo zote mbili walilala pamoja, wakinyonya kwa mama yeyote.

"Kaka, utawajuaje?"

"Kwa harufu, dada! Damu yao inanuka."

"Hebu tuonyeshe."

Dume akanusa, akamkwida mmoja. "Huyu hapa!"

"Na wako ni yupi?"

Dume akawanusa wote, akarudia. Wote walinukia maziwa yaleyale. Akamtazama aliyemshika, akamweka chini polepole. Hakuna aliyethubutu kuua.

Asubuhi jike alijilaza mlangoni, akamnyonyesha wa kwanza kufika. Hakuuliza ni wa nani.