Posa ya Ngomeni

Shangazi Gulab alikuwa ameziba lango la ngome ya Mehrangarh kwa mwili wake wote, na wageni waliotoka nchi za mbali kuja kuona majumba ya wafalme walilazimika kumsubiri. Alikuwa akigusa alama za viganja zilizochongwa ukutani, moja baada ya nyingine, kisha akijigusa paji la uso. Viganja vya wake wa mfalme, waliopita lango hilo siku ya mazishi yake wakaenda kuungua pamoja naye.

"Wale ndio walikuwa wanawake," alisema, kwa sauti ya kusikika mji mzima wa Jodhpur.

"Mimi ningemuuliza marehemu kwanza kama anahitaji kufuatwa," alijibu Sugandha, mama yake Tarini. "Pengine alitaka kupumzika."

Tarini alimfinya mama yake kiunoni. Si leo. Leo kila kitu kilitegemea kinywa cha shangazi. Tangu baba yake Tarini afariki, hakuna ndoa iliyopita katika ukoo wao bila dada yake huyo kutia neno, na neno alilolipenda zaidi lilikuwa hapana. Akilisema leo, ndugu wote wangefunga milango yao, na posa hii ingekufa hapa hapa langoni.

Walikuja ngomeni kwa sababu ndivyo wenyeji wafanyavyo. Familia mbili zinazotaka kuoana hazianzi kwa kutembeleana nyumbani. Zinakutana "kwa bahati" mahali pa kutalii, ili mambo yakiharibika kila mtu aseme alikuja kuona mizinga ya zamani. Walinzi wa lango, wenye masharubu yaliyopinda kama pembe, huwatambua upesi: ni wenyeji pekee wanaopanda kilima kile wamevaa dhahabu.

Upande wa pili walikuja wawili, Lokendra na baba yake, Bwana Takhat, daktari wa mifugo mstaafu. Bwana Takhat aliharibu mchezo tangu mwanzo. Alitakiwa kushangaa kuwaona. Badala yake aliwapungia mkono kutoka mbali, akapaza sauti kwamba wamechelewa na kwamba amewawekea nafasi kivulini. Lokendra alifunika uso kwa kiganja. Shati lake halikuwa limepigwa pasi, na shangazi aliliona shati kabla ya kumwona mwenye shati.

Wazo lenyewe lilikuwa la Tarini na Lokendra. Walifanya kazi ofisi moja ya ramani, wakala chakula cha mchana meza moja, na siku moja, vidole vikiwa na mafuta ya kachori, wakaanza kuulizana habari za nyumbani. Yaliyobaki yalikuwa kuwashawishi wakubwa.

Wakazunguka majumba. Katika ukumbi wa starehe, wenye dari ya dhahabu, shangazi alitaka kujua mfalme mmoja alihitaji vyumba vingi hivi vya nini. Sugandha akasema inategemea siku hiyo amegombana na wake wangapi. Bwana Takhat alicheka mpaka akakohoa, kisha akaeleza, bila kuulizwa, jinsi ngamia dume anavyotoa povu na kutunisha koo mbele ya jike. Shangazi aliitazama dari kwa makini sana.

Walipofika juu ya ukuta, penye mizinga, nyumba za buluu zikiwa zimetapakaa chini yao, shangazi alitamka lile neno la desturi: wawili waachwe waongee. Yeye mwenyewe akajiweka kwenye benchi la katikati, mahali pa kutopitwa na kitu. Tarini na Lokendra wakajikuta peke yao kando ya mzinga.

Tarini hakupoteza muda. Aliuliza kama kwao kuna mtu anayepandisha sauti. Lokendra akasema ni wakati wa kriketi tu. Aliuliza nani anapika. Akaambiwa ni baba, na kwamba dengu zake hukatwa kwa kisu. Ndipo akauliza lililomkaa rohoni.

"Mwanamke akiingia kwenu atavaa rangi anayotaka? Atakwenda sinema akijisikia? Hakuna wa kumwambia kaa ndani?"

"Akitaka kupaka nyumba nzima zambarau nitamshikia ngazi," alisema Lokendra. "Nyumba yetu imepoa tangu mama afariki, Tarini. Tunakula tukitazama ukuta. Mimi namwogopa shangazi yako tu."

"Wote tunamwogopa. Hata mizinga hii."

Wakati huo huo, kutoka nyuma ya mnara, kilipasuka kicheko cha mwanamke, kirefu, kisicho na adabu yoyote. Njiwa waliruka. Shangazi Gulab aligeuza kichwa akakisikiliza mpaka kikaisha. Kikaanza tena. Akakisikiliza tena, na kwa muda uso wake ukawa kama wa mtu aliyesikia habari ambayo angepaswa kuipata zamani.

Kisha akainuka, akaja taratibu hadi penye mzinga. Tarini alishika chuma cha mzinga kwa mikono miwili. Shangazi alimkagua Lokendra kuanzia viatu hadi kola.

"Huyu anahitaji pasi," alisema.

Akafungua pochi, akatoa ladu, kitonge kitamu cha sherehe, akaivunja. Kipande kimoja akamtia Lokendra mdomoni, kingine akamtia Tarini, kama inavyofanywa mambo yakishakubaliwa. Tarini aliinama kumgusa miguu kwa heshima huku machozi yakimtoka, lakini shangazi akamnyanyua kwa sikio.

"Utanishukuru baadaye. Kwanza kamwambie mama yako apunguze kicheko. Bibi harusi, hata mwenye binti mkubwa kama wewe, hutakiwa kuona haya, angalau mpaka afungishwe ndoa."